Sura ya Nne, kwa Sauti

Jumanne, saa mbili kasoro asubuhi, ufagio wangu uligonga mfuko wa karatasi chini ya kitanda cha shangazi yangu.

Ndani ya mfuko kulikuwa na blauzi. Kwenye blauzi kulikuwa na damu iliyokauka, kuanzia kola mpaka kifuani.

Shangazi yangu ana miaka sabini na moja na haoni. Akitaka kumuua mtu, inabidi kwanza amwombe asogee karibu.

Lakini ngoja nianzie nyuma kidogo, maana hii aibu nataka muipate yote.

Mimi ni fundi miwani. Nachonga lenzi, nakaza skrubu, nanyoosha fremu zilizokaliwa na watu wazima waliosahau walipoziweka. Kutwa nzima kazi yangu ni kuwasaidia watu waone. Hilo likumbukeni, mtalihitaji mbele.

Jioni nasoma vitabu vya mauaji. Siyo vya kutunga. Kesi za kweli kabisa, zenye picha ya nyumba na mshale mwekundu unaoonyesha mwili ulikutwa wapi.

Msiniulize napata raha gani, hata mimi sijui. Nikimaliza sura nakagua chini ya kitanda, nakagua nyuma ya mlango, nakagua kabati ambalo hata paka hatoshei. Chooni naenda huku naimba. Halafu narudi, nafungua sura inayofuata, utadhani nimetumwa.

Shangazi ni dada yake marehemu baba, ndiye aliyenilea. Macho yalipomwishia aliniomba niwe namsomea. Basi kila siku saa kumi na moja jioni tunakaa sebuleni, yeye kwenye kiti chake kilichoegemea ukuta wa jirani, mimi kwenye stuli, tunazika watu.

"Paza sauti, mwanangu," huwa ananiambia. "Masikio nayo yananiaga."

Napaza. Mpaka koo linawasha.

Kitabu cha safari hii kilikuwa na sura kumi, ila kwetu kilikuwa na moja tu. Sura ya nne. Ilimhusu mama mmoja aliyepigwa na mumewe miaka sita. Hakufa, ndiyo maana mimi sikuifurahia sana.

Anaeleza tu alivyoondoka. Nguo yenye damu aliiweka kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki, maana plastiki huozesha ushahidi. Alichongesha ufunguo wa pili kwa siri. Siku ya kuondoka alimwambia mtu mmoja tu. Akaenda moja kwa moja polisi, mahali ambapo mumewe asingemtafuta. Basi, imeisha. Hakuna mwili, hakuna mshale.

"Rudia," shangazi akasema.

"Shangazi, sura ya tano kuna mtu ndani ya tangi la maji."

"Atangoja, haendi popote. Rudia ya nne. Pale kwenye mfuko wa karatasi usome polepole."

Niliirudia mara sita. Siku moja tu alinihurumia tukaanza ya tano, na pale mfuniko wa tangi unapofunguliwa akasema inatosha, turudi kwa yule mama. Nilinuna mpaka nikashindwa kula.

Sasa, upande wa pili wa ule ukuta anakaa Fundi Umeme na mkewe.

Fundi Umeme ni mtu wa watu. Mtungi wetu wa gesi anaubeba yeye. Yeye humwita shangazi "mama", na hapiti bila kumjulia hali. Karakana yake iko mtaa mmoja na duka langu, na chai ya saa nne tunakunywa pamoja. Hana papara, kila neno lake ni "taratibu, kaka".

Mkewe hatumwoni. Asubuhi fundi akitoka anafunga kitasa na ufunguo anatia mfukoni. Aliniambia ni kwa ajili ya wezi. Nikamsifu kwa umakini.

Miwani ya mkewe ilipopinda, aliniletea yeye mwenyewe. Mara mbili.

"Amegonga mlango," alisema.

"Mwambie huo mlango upunguze hasira," nikamtania. Tukacheka wote wawili.

Na asubuhi nyingine, kabla hajatoka kwenda kazini, tunasikia kishindo ukutani. Kitu kinaburuzwa. Halafu kimya.

"Umesikia?" shangazi ananiuliza.

"Wanahamisha makochi."

"Kila wiki?"

"Mambo ya mke na mume hayo, shangazi. Tusijiingize."

Halafu nanyoosha mkono, nachukua kitabu, niendelee kusoma jinsi majirani walivyosikia na wasiseme kitu. Huwa nawasonya sana hao majirani.

Haya, turudi kwenye blauzi.

Nilipiga magoti pale na ufagio wangu, jasho jembamba likinitoka, nikaanza upelelezi. Mfuko ni wa karatasi. Kwa hiyo aliyeuficha anajua mambo ya ushahidi. Na nani amemfundisha? Mimi, kwa kinywa changu, mara sita.

Nikakumbuka Jumapili. Mchana shangazi alinipa ufunguo nikachongeshe mwingine pale kona, na akasisitiza niwe nimerudi ndani ya robo saa. Alisema ni wa sanduku lake. Shangazi hana sanduku.

Nikamkumbuka na mumewe, aliyefariki zamani kwa kisukari. Nikaanza kukitilia shaka hicho kisukari.

Shangazi mwenyewe alikuwa nje anaota jua, anatabasamu peke yake. Nikaurudisha mfuko palepale, nikamuaga kwa mbali, nikaenda kazini nikiwa na hakika kwamba aliyenilea ni muuaji na wa kufuata ni mimi.

Nilishindwa kazi. Lenzi moja niliichonga ikapasuka, nyingine nikaiweka kichwa chini. Saa nne nikaenda kwenye chai nikiwa nimevimba kwa siri, na mimi siri hunikaa tumboni kama maji ya kuazima.

Kwa akili zangu zote, na vitabu vyangu vyote vile, nikatafuta mtu mmoja wa kumwamini. Mtu mtulivu. Mtu makini.

"Fundi," nikamwambia, "chini ya kitanda cha shangazi kuna blauzi ya kike ina damu."

Fundi Umeme hakushtuka. Alikoroga chai yake.

"Blauzi ya rangi gani?"

"Kijani. Vifungo vya kahawia."

Akaweka kijiko mezani. Akafuta vidole kimoja kimoja.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Vizuri. Taratibu, kaka. Usimwambie mtu. Acha nikapite nyumbani, nitajifanya nimekuja kuangalia soketi ya chumbani kwake."

Akawasha pikipiki akaondoka. Chai yake aliiacha imejaa. Mimi nikapumua, nikajisikia mzigo umenitoka, nikarudi dukani nikaketi.

Mezani palikuwa na miwani ya mteja iliyogonga mlango. Kweli ilikuwa imegonga mlango, mteja mwenyewe alinionyesha nundu. Nikaishika niinyooshe.

Ilikuwa imepinda kwenye daraja la puani.

Ndugu zangu, miaka kumi na mbili nafanya kazi hii. Mlango hupinda miwani mbele, pale puani. Kinachopinda mkono wa miwani pembeni, kule kwenye bawaba, ni kiganja cha mtu. Hilo analijua kila fundi miwani. Na miwani ya mke wa Fundi Umeme, mara zote mbili, ilikuwa imepinda mkono wa kushoto, kwenye bawaba. Niliinyoosha kwa koleo langu hili hili. Nikatania.

Halafu akili ikafika kwenye lile swali. Mtu unamwambia kuna nguo yenye damu, haulizi ni damu ya nani. Anauliza rangi.

Ile kijani nilishaiona. Nimeiona kwenye kamba ya kuanikia nguo, upande wao.

Nikampigia shangazi.

"Shangazi, Fundi Umeme anakuja huko. Nimemwambia kuhusu blauzi."

Nikamsikia anainuka.

"Ana pikipiki?"

"Ndiyo. Dakika tano yuko hapo. Shangazi, mimi sikujua, naapa..."

"Zinatosha," akasema. "Njoo. Na ukifika, ukae na akili." Akakata.

Nilikimbia. Sijakimbia tangu shule, na shule yenyewe nilikuwa nakimbia vipindi. Njiani kila nilichowahi kusoma kilikuwa kinapita kichwani na mshale wake mwekundu. Safari hii picha ya nyumba ilikuwa ya nyumba yetu, na aliyelala palipo na mshale alikuwa mwanamke ambaye hata jina lake sikuwa nimewahi kuuliza.

Uani kina mama walikuwa bombani wanafua. Walikuwa wanafua kimya, na kina mama wa uani kwetu hawajawahi kufua kimya. Mlango wa Fundi Umeme ulikuwa wazi nusu.

Nikasikia sauti yake inatoka kwetu. Nikausukuma mlango wetu, nikaingia.

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Fundi Umeme alikuwa amekaa kwenye stuli yangu, kitabu changu mkononi.

Anasoma.

"'Nilijua ataniua,'" alikuwa anasoma, "'nilichokuwa sijui ni lini.'"

"Paza sauti, baba," shangazi akamwambia. "Masikio yangu haya, wee acha tu."

Na yeye akapaza. Angefanyaje? Miaka yote amekuwa kijana mwema, anayeishi kwa heshima ya watu. Atamkatalia vipi bibi kipofu, tena kina mama wamejaa hapo nje?

"Huyo hapo amefika," shangazi akasema aliponisikia ninavyohema. "Funguo za chumba unakaa nazo wewe, ndiyo maana nikamwambia fundi anisomee kidogo wakati tunakungoja. Mfungulie akaangalie soketi."

Funguo za chumba. Chumba chake hakijawahi kufungwa na ufunguo tangu tuhamie. Nikaelewa kwamba hapo ndipo pa kukaa na akili. Nikatoa funguo zangu za dukani, nikahangaika na kitasa, nikafungua mlango uliokuwa wazi.

Fundi Umeme hakuitazama soketi. Aliinama moja kwa moja chini ya kitanda.

Kulikuwa na ndala za shangazi na vumbi nililoliacha asubuhi.

Akainuka, akanitazama. Ule uso wa taratibu ulikuwa umebanduka, na nilichokiona chini yake sikipendi mpaka leo.

"Kaka, ulisema kuna blauzi."

Niliogopa. Niseme ukweli, niliogopa kuliko vitabu vyote nikivijumlisha. Lakini mdomo huu huu uliomuuza mwanamke wa watu saa nne, saa tano ukafanya kazi yake.

"Nasoma sana haya mambo, fundi," nikasema. "Naona damu mpaka kwenye nyanya."

Alinitazama tena, akapita kando yangu, akatoka. Tukamsikia anaufikia mlango wake uliokuwa wazi nusu. Tukamsikia anaita jina, mara ya kwanza mimi kulisikia. Kisha pikipiki ikanguruma ikaelekea stendi.

Alimtafuta stendi. Alimtafuta kwa wakwe. Polisi hakupita, maana hakuwahi kufikiri kwamba mkewe anaweza kwenda huko. Polisi ndio waliompitia yeye, kesho yake asubuhi, karakanani, wakiwa na blauzi kwenye mfuko wa karatasi.

Jioni ya Jumanne hiyo nilikaa kwenye stuli yangu bila kitabu.

"Mkewe alikuwa aondoke Ijumaa," shangazi akasema. "Kaka yake angekuja na gari. Uliponipigia, nikaenda dirishani kwangu, lililo jirani na lake, nikampitishia mfuko wake kwenye nondo. Ufunguo wa kufungulia kitasa alikuwa nao, ule uliochongesha wewe Jumapili, mumewe akiwa amelala. Ila njia ya kutokea ni moja, na mumewe alikuwa njiani. Nikamwambia, atapita kwangu kwanza kwa sababu anautaka mfuko. Ukimsikia anasoma, ujue amekaa. Toka."

"Kwa hiyo sura ya nne..."

"Ulikuwa unamsomea yeye, kabla mumewe hajarudi. Mimi niliielewa siku ya kwanza."

"Na masikio yako?"

"Nakusikia mpaka unavyomeza mate kabla ya kufungua ukurasa wenye maiti."

Nikaumia kidogo. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ningekwambia, ungemwambia fundi," akasema. "Sikukwambia, na bado umemwambia."

Nililia, na yeye akaniacha nilie, hakunibembeleza hata kidogo.

Mahakamani niliitwa kama shahidi. Nilieleza kuhusu mkono wa kushoto na bawaba, wakaandika. Kisha wakili wa Fundi Umeme akaniuliza nilikuwa namfahamu mshtakiwa kama mtu wa namna gani. Nikajisikia nasema, kwa sauti yangu, kwamba alikuwa mtu mzuri na alitusalimia kila siku.

Ni mimi sasa. Yule jirani wa kwenye vitabu ninayemsonya, ndiye mimi, nina kiapo kabisa.

Miezi mitatu tangu siku ile ya blauzi, mke wake alikuja dukani, peke yake, kutengeneza miwani mpya. Nilimpima, nikamwomba msamaha, nikaongea mpaka nikaanza kujikanyaga. Akasikiliza hadi mwisho.

"Nakudai kitu kimoja," akasema.

"Chochote."

"Ule mfuniko wa tangi. Ulipofunguliwa, alikuwemo nani? Nimekaa na hilo swali miezi mitatu."

Mwanamke ametoka kwenye mdomo wa simba, na anataka sura ya tano. Nikamsimulia pale pale kaunta, ameshika shavu, anaogopa, na kila nikinyamaza ananiambia endelea. Siku hizi huja Jumamosi jioni, hukaa karibu na shangazi, na mimi nasoma kwa sauti ya kawaida.

Kwa hiyo sitawaambia mwache kusoma. Someni, ogopeni, kagueni makabati yenu. Ila mkisikia kishindo ukutani, kunjeni ncha ya ukurasa, muinuke mkagonge mlango. Maiti wa kitabuni atangoja.

Na chonde, kabla ya hapo, msiende kunywa chai na bwana wa nyumba hiyo.