Nilimsainisha Mama Uongo Wangu

Kosa ni langu, si la mama. Naanza hapo, maana nikizunguka nitaogopa tena na nitaacha.

Nina miaka kumi na sita, tunakaa Edmonton, huku ng'ambo. Haya sijamwambia mtu kwa mdomo. Mbele za watu sauti hainitoki.

Mama alipoachishwa kazi ya usafi alianza kupokea benefiti, pesa za serikali za kuwasaidia wasio na kazi. Kiingereza chake ni cha dukani na cha kwenye basi, kwa hiyo barua zote nilisoma mimi na fomu nilijaza mimi.

Alikuwa anacheza upatu na kina mama wenzake wa Kipemba: kila mwezi wanachanga, mmoja anachukua zote. Zamu yake ilimfikia kazi imeshakwisha. Wiki ile ile tukapigiwa simu kutoka nyumbani kwamba babu ni mahututi. Mjomba wangu wa Hounslow hakuwa na nauli. Mama akamkopesha zote.

Nilimuuliza sisi je, na friji iko tupu. Akanambia, "Mimi sina hati ya kusafiria. Japo mmoja wetu amuone."

Mjomba alimuwahi. Baada ya miezi akarejesha deni, kwa mkupuo, kupitia benki. Ikaja bahasha ya kahawia: ofisi ya benefiti inamwita mama aeleze zile pesa ni za nini.

Skuli nilikuwa nimesikia wasichana wakihadithiana kuhusu mama mmoja aliyefungwa kwa ajili ya benefiti. Sikuuliza alifanya nini hasa. Usiku huo sikulala!

Siku ya mahojiano tulikutana na mwanamke mpole tu. Akauliza. Mama akanigeukia, hana wasiwasi hata kidogo.

"Mwambie ni pesa yangu ya upatu. Nilimkopesha kaka yangu akamuone baba, sasa amenirejeshea."

Mimi kichwani naona polisi. Nikawaza, mtu wa benefiti akisema alikuwa na pesa ya kukopesha, si ndiyo basi tena? Nikamjibu yule mwanamke kwamba mama hazijui pesa zile, labda benki imekosea.

Akaandika. Akasukuma karatasi mbele ya mama.

"Umemwambia yote?" mama akaniuliza.

"Nimemwambia."

Akasaini, taratibu, herufi moja moja.

Ole wangu! Mjomba, aliposikia kwa mama habari ya bahasha, kwa kutaka kusaidia alikuwa ameshatuma ofisini barua yake akieleza ukweli wote. Karatasi mbili zikagongana. Benefiti ikasimamishwa. Mama alikwenda posta kuchukua pesa zake za wiki akarudi mikono mitupu, akaketi jikoni na koti lake mwilini.

Tukaitwa tena. Safari hii walimleta mkalimani wao, mzee wa Kikongo mwenye Kiswahili cha kwao. Nilijua atakachosoma!

"Mama, hapa uliandikisha kwamba zile pesa huzijui. Ni maneno yako?"

Mama aliniangalia. Niko na sare ya skuli, nimeshikilia mkoba. Ningeweza kusema pale pale, kwa lugha zote mbili. Nilinyamaza.

"Ni maneno yangu," mama akasema. "Niliogopa."

Mama yangu haogopi ofisi! Alichukua hofu yangu akaivaa yeye.

Hawakumfunga. Lakini jina lake limeandikwa kwamba alidanganya, na benefiti waliyomrudishia wanaikata kila wiki. Mwisho wakamweleza kwamba angesema ukweli tangu mwanzo, yale yangezungumzika. Kwenye basi nilingoja anigombeze. Akasema kesho nisichelewe skuli, basi.

Tangu siku ile hanipi barua. Ikija bahasha anaitia kwenye mkoba wake na kuipeleka kwa jirani wa juu. Nasikia viatu vyake kwenye ngazi, na mimi niko chumbani nimeshika kalamu.

Nyinyi mnaowasemea wazee wenu maofisini, semeni walichosema. Mkiogopa, waambieni wao kwanza kwamba mnaogopa. Msiamue peke yenu, kama nilivyoamua mimi.

Ningeweza kuandika haya kwa Kiingereza, ingekuwa rahisi kwangu. Lakini mama Kiswahili anasoma mwenyewe, hahitaji mtu. Jina sikuweka. Atanijua.