Pazia la Kawangware

Mimi ni fundi wa mawe, kwa hivyo nilijiona mjuaji. Mama alipokubali kuhama mtaa wa mabanda wa Gatwekera, nilimtafutia chumba cha mawe ghorofa ya nne kule Kawangware. Mbele yake niligonga ukuta kwa ngumi, kama mtu anayechagua tikiti maji, nikatangaza kwamba umeiva.

Yeye alikuja na mapazia yake. Gatwekera, mwenye heshima zake hufunika ukuta wa udongo kwa pazia au shuka, mgeni asije akaegemea akaondoka na nyumba mgongoni. Akayatundika pande zote, kutoka juu hadi chini. Nilimcheka, nikamwambia mawe hayavai nguo. Fundi mzima, na kwa miezi mitatu sikutazama nyuma ya kitambaa hata mara moja.

Siku moja akanipigia simu.

"Hii pazia inacheza na dirisha nimefunga."

"Mama, hiyo ni upepo tu."

"Imeingilia wapi? Iko na funguo?"

Nilifika mchana, bado natabasamu, nikainua pazia. Ufa ulikuwa umeshuka kutoka dari hadi sakafu, na upande wa pili nikamwona jirani akila ugali. Tukasalimiana. Kisha nikatazama chini. Kitanda cha mama kiliegemea ukuta huohuo, na aliyemleta kulala pale ni mimi. Sijawahi kuogopa vile, hata juu ya jukwaa la ujenzi.

Tukaanza kufungasha papo hapo. Msimamizi wa jengo aliposikia, akapanda na kopo la rangi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uzibwe kwa brashi. Aliutazama ufa, akalitazama pazia, na uso wake ukachangamka.

"Mathe, si utuachie hiyo pazia? Kuna mtu anaingia kesho."

Mama alilikunja polepole, akalibana kwapani.

"Aingie akiona," akasema.

Kabla ya kushuka alibisha kila mlango wa ghorofa ile, akiwaambia watu wainue kalenda na mashuka yao watazame ukuta. Msimamizi alimfuata nyuma akimsihi aache. Hakuacha.

Sasa amerudi Gatwekera, na pazia liko kwenye ukuta wa udongo. Kila nikimtembelea, chai haniletei mara moja. Hukaa kwenye kochi, akanyoosha kidole ukutani.

"Inua kwanza, fundi."

Nami huinua.