Zamu ya Jacob

Zamani mtu wa Butembo aliyetaka nyumba alimwonyesha fundi kiwanja, wakapeana mkono na msingi ukaanza kuchimbwa kesho yake. Leo hata choo cha shule hakichimbwi mpaka jina la fundi lipite mbele ya watu ambao hawajawahi kushika tofali.

Namwandika Apollinaire, fundi wa ujenzi wa Mususa, mtaa wa hapa Butembo, kwa sababu sioni mwingine atakayemwandika. Hakuwa mtu mashuhuri. Alizaliwa kwenye kilima ambacho wakati huo kilikuwa migomba na sasa ni mabati matupu. Aliacha shule mapema, akajifunza kujenga kwa kuwabebea matofali mafundi wa misheni. Nilikuwa jirani yake tangu ana meno ya utoto. Nimeziona kuta zake zikipanda na nimemwona yeye akianguka. Kuta bado zimesimama.

Hakujenga peke yake. Alikuwa na Jacob, waliyekua naye mlango kwa mlango. Alikuwa na Zacharie, mtu asiyesema, ambaye ukuta aliopaka plasta ungeweza kuulazia shavu. Na alikuwa na Kasimu, Mwislamu wa Beni, fundi wa mbao za paa, aliyekuja kuezeka nyumba moja Mususa, akaoa huko na kubaki.

Wanne hawa hawakuwa na bosi. Kazi ikipatikana, mmoja wao aliitwa mkubwa wa kazi. Huyo ndiye aliyezungumza na mwenye nyumba, ndiye aliyeshika kamba ya kunyooshea ukuta, na mvua ikibomoa kitu ndiye aliyegombezwa. Nyumba ikiisha alimpa mwenzake ile kamba, na kwenye nyumba iliyofuata mkubwa alikuwa huyo, hata kama kazi ilitafutwa na mwingine. Apollinaire, kisha Jacob, kisha Kasimu, kisha Zacharie, halafu Apollinaire tena. Mkubwa wa jana alichanganya saruji leo na hakununa. Ndivyo baba zetu walivyolima, shamba la huyu leo, la yule kesho, na hapakuwa na mtu wa kusimama kando akihesabu majembe. Nikiwaeleza vijana wa sasa wananitazama kama ninawasimulia ndoto niliyoota kwa homa.

Kisha nyumba zikaacha kujengwa. Watu wa vijiji vya upande wa Beni walikimbia vita, wakaja kulala kwa ndugu zao mjini, na mtu aliyekimbia hajengi. Wafanyabiashara waliokuwa wakipandisha ghorofa walianza kupeleka mali yao Kampala. Mafundi wanne walikaa mbele ya nyumba ya Apollinaire wakinoa vifaa ambavyo havikuwa na kazi. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Leta, kama tunavyoiita Serikali huku kwetu, na hiyo ilipewa kampuni kubwa kutoka mbali. Ila redio ilitangaza kwamba sheria inazitaka kampuni hizo zikate sehemu ya kazi na kuwapa wajenzi wadogo wa mahali. Emérence, mke wa Apollinaire, aliisikia akichambua maharagwe yake ya kuuza.

"Baba Solange, unasikia? Kazi ya Leta iko ya bana-inchi. We hauko mwana-inchi?"

"Leta haijue jina yangu."

"Njo uende uiambie! Ama unangoja ikuje kukutafuta hapa kwa kiti?"

Apollinaire akanijia na makaratasi, kwa kuwa mimi nilijifundisha Kifaransa mwenyewe katika magazeti yaliyofungia sabuni. Tukasoma pamoja. Kampuni ndogo ilitakiwa iandikwe katika rejista ya biashara, ipate namba ya kodi, ifungue konti benki, kisha iombe cheti cha kuruhusiwa kuchukua kazi iliyomegwa kutoka kazi kubwa. Wenyewe wanaita sous-traitance. Baada ya hapo ionyeshe kazi ilizokwisha kufanya. Hapo Apollinaire alicheka. Kazi zake zilijaa mji mzima, lakini hakuna iliyokuwa na karatasi. Ilibidi awazungukie wenye nyumba, wengine sasa wajane, awaombe waandike kwamba kweli ni yeye aliyewajengea. Mjane mmoja alimuuliza kama amekuwa mgonjwa wa kichwa, maana nyumba yenyewe si hiyo hapo?

Siku ya kuandikisha nilikwenda nao wote wanne.

"Gérant ni nani?" akauliza karani, akimaanisha mkuu wa kampuni.

"Tuko bane," akasema Apollinaire.

"Bane hapana. Leta inatafuta kichwa moya."

"Chagua basi yenye iko na nywele," akasema Jacob, na hata Kasimu, ambaye kichwa chake kiling'aa kama yai, akacheka.

Zamu ilikuwa ya Apollinaire, kwa hiyo likaandikwa jina lake na ikabandikwa picha yake. Hakuna aliyepinga. Kwao hilo lilikuwa jina la kazi ile tu, kama siku zote.

Kazi ya kwanza ilikuwa Kirumba, kabla vita havijafika huko: vyoo vya shule na ukuta wa kuizunguka. Kampuni nyingine ndogo ziliidharau. Wao waliichukua, wakamaliza kabla ya tarehe waliyopewa, na kampuni kubwa ikawaandikia cheti kwamba kazi ni nzuri. Sitasema uongo, mlango ulifunguka. Kwa cheti kile wakapewa madarasa ya shule huko Mbau, kwenye barabara ya Oicha. Siku habari ilipofika, Emérence aliimba akiosha vyombo.

Walikutana uani kwake kujiandaa na safari. Jacob akanyoosha mkono.

"Lete kamba, muzee. Umekuwa mukubwa mpaka shingo imenona."

"Papa Jacob, muache kwanza," akasema Emérence. "Kwa karatasi iko jina ya Apollinaire."

"Mama Solange, karatasi njo itajenga ukuta?"

"Na kama zamu inakufia kwa Jacob," akasema Kasimu, "miye nitaipata wapi? Niko nyuma yake."

Zacharie akamtazama Apollinaire, na wote wakamtazama. Apollinaire alitaka vitu viwili duniani, kazi ya Leta na watu hawa watatu, na siku ile hakuona kwa nini kimoja kingemnyima kingine. Kama angemkatalia kamba, angekuwa patron, yaani bosi, juu ya rafiki zake. Akampa Jacob kamba.

Yaliyotokea Mbau nilisimuliwa na Zacharie, na mtu asiyesema akisimulia, unaamini. Kuta zilikuwa zimefika kwenye madirisha. Gari la ukaguzi likaja nyuma ya gari la wanajeshi, akashuka mkaguzi mwenye faili kwapani.

"Mukubwa wa hapa ni nani?"

Apollinaire alikuwa na saruji mpaka kwenye viwiko. "Ni Jacob, ule kule juu."

"Na weye?"

"Miye niko nachanganya beto."

Jacob akateremka, akafuta mkono kwenye suruali, akamsalimu, akamzungusha kila chumba, na alipopewa karatasi ya ukaguzi akatia sahihi mahali pa gérant. Mkaguzi akafungua faili. Akaitazama picha iliyokuwa ndani, kisha akamtazama mtu aliyeshika koleo la zege.

"Hii picha ni ya nani?"

"Ni yangu," akasema Apollinaire, na Zacharie anasema alifurahi kutambuliwa.

"Donc weye njo gérant, na unachanganya beto. Na ule mwenye hana jina kwa dossier, yeye njo anasigné?"

"Ni zamu yake."

"Zamu ya nini?"

Wakamweleza, wote watatu kwa pamoja, huku Zacharie akitikisa kichwa kukubali. Kadiri walivyoeleza ndivyo walivyojizamisha. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Lakini katika mambo yote aliyofundishwa kuyatafuta kwenye viwanja, zamu haikuwemo. Kilichokuwemo ni mtu anayekopesha jina lake ili mwingine asiyeruhusiwa ale nyuma yake. Watu wa namna hiyo wapo na wamejaa, na hawakamatwi, kwa sababu hawachanganyi beto.

Kazi ikasimamishwa. Apollinaire akaitwa Beni, kwenye bureau ya kampuni kubwa, na wenzake wakamsindikiza. Ndani alimkuta mhandisi Sadrack, aliyekuwa akisimamia wajenzi wadogo wote wa upande ule.

"Papa Apollinaire, miye sikuchukii. Kuta zenu ni muzuri. Andika kwamba Jacob alijipa cheo, akasigné bila ruhusa yako. Nitaituma kule juu, na kesho munarudia kazi."

"Na kama siandike?"

"Kazi inaisha leo. Na jina yako haitapata tena kazi ya Leta, hapa wala pengine."

"Jacob batamufanya nini?"

"Ni ya dossier tu, papa."

Apollinaire akatoka kwanza bila kuandika. Watatu walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nje. Aliwaambia yote bila kupunguza.

"Turudi kwetu," akasema Kasimu. "Kabla ya Leta tulikuwa tunajenga."

Ndipo Zacharie akafungua kinywa. "Kwetu kuko kazi gani?"

Mama mmoja alipita na beseni la ndizi akawaita wanunue, wakamwacha apite. Jacob alisimama, akajikung'uta vumbi.

"Andika," akasema. "Mambo gani ya kukaa hapa kama bajane? Andika tu, patron."

Kwa miaka yote waliyojenga pamoja, neno hilo hakuna aliyekuwa amemwita mwenzake. Apollinaire alingoja Jacob acheke, kama alivyozoea kucheka baada ya kuchoma. Hakucheka. Apollinaire akaingia ndani akaandika.

Karatasi ya dossier haikukaa ndani ya dossier. Ilipanda juu kama Sadrack alivyosema, ikafika mahali ambapo kuiga cheo cha mtu mbele ya kazi ya Serikali ni kosa, na polisi wakamchukua Jacob mbele ya wenzake, kwenye kiwanja kilekile cha Mbau alikorudi kubeba matofali. Akawekwa cachot, mahabusu ya Beni. Apollinaire alikwenda bureau kusema kwamba karatasi ile ilikuwa ya uongo, wakamuuliza kama anataka kulala humo na yeye. Ndugu za Kasimu, wafanyabiashara wanaojulikana pale mjini, ndio waliobembeleza mpaka Jacob akatolewa. Wakati akiwa ndani, Apollinaire alimpelekea chakula alichopika Emérence. Jacob alikipokea, akala chote, akarudisha sahani na kusema "Wasingya", yaani asante, kwa ile sauti tunayomshukuru nayo mpita njia aliyetuonyesha barabara.

Madarasa yakaisha. Kazi nyingine zikaja, maana sasa kampuni ilikuwa na kichwa kimoja na hakuna aliyekitilia shaka. Apollinaire akapata bureau yenye kibao, kofia ngumu ya kichwani, baadaye gari. Jacob hakurudi kazini alipotoka cachot; Kasimu na Zacharie wakaandikwa kama wafanyakazi, na walisimama kila Apollinaire alipoingia. Jioni moja alikuja kwangu akakaa muda mrefu bila kunywa chai aliyopewa.

"Muzee, nilijaribia kumupa Kasimu kamba. Zamu yake imefika. Nilimwambia, ashike, batu ba bureau hapana kuwa hapa, hakuna mwenye ataona."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Hapana, patron. Usinitafutie mambo.'"

Nimesoma mengi peke yangu, na sijaona mahali palipoandikwa jinsi ya kuwarudishia watu kitu ambacho sasa wanakiogopa.

Leo Kasimu amerudi Beni, anasafiri na malori ya ndugu zake. Zacharie amevuka mpaka wa Kasindi kutafuta kazi. Jacob sijui yuko wapi. Wapo wanaosema Bunia, wapo wanaosema amekufa, na mkewe hataki kuulizwa. Apollinaire bado ana kibao chake. Mafundi wake ni vijana anaowabadilisha kila kazi, na majina yao hayajui.

Mara ya mwisho nilipowaona wote wanne ilikuwa hapa Mususa, walipokuwa wakijenga ofisi moja ya Serikali, karibu na njia niliyokuwa nikipita kwenda misa. Kasimu alikuwa juu kwenye mbao za paa. Zacharie alikuwa akipaka plasta ukuta wa mbele. Kwenye lango palikuwa na mstari wa vibarua wanaotafuta kazi ya siku, na Apollinaire, kofia kichwani, alikuwa akipita akiwachagua. Nikasimama kupumzisha mguu. Katikati ya mstari nikamwona Jacob. Alikuwa amekonda, ameshika kofia yake mkononi kama wengine.

Apollinaire akafika mbele yake akasimama. Nyundo ya Kasimu ikanyamaza kule juu.

"Jacob," akamsalimu Apollinaire. "Yambu."

"Yambu, patron. Niandike. Niko na nguvu ya kubeba."

Nyuma ya Jacob mtu akapiga kelele kwamba jua linapanda, kama hawaandikwi waambiwe. Apollinaire akamwandika. Jacob akainama kushukuru, akaenda kwenye lundo la mchanga, akajaza ndoo na kujitwika begani. Alipita chini ya Kasimu, akapita nyuma ya mgongo wa Zacharie, ambaye hakugeuka, akaimwaga ndoo mahali alipoonyeshwa, kisha akarudi kujaza nyingine.