Nyota Iliyozimika Utosini

Julai huku Newala ni baridi ya kukaza taya. Uani kwangu jioni kitu pekee chenye joto ni mfuniko wa kisima cha maji ya mvua, ule wa saruji, kwa kuwa umeshinda juani. Hapo ndipo mimi na mjukuu wangu tulipokuwa tunalala chali baada ya magharibi, khanga mbili juu yetu, tukitafuta setilaiti.

Yeye yuko kidato cha tatu, anakaa kwangu kwa sababu shule iko karibu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mambo ya angani hakuna wa kunifundisha, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Mtaa mzima unayajua macho yangu. Tangu nikiwa mwari nauona mwezi mwandamo kabla ya wanaume. Ikifika Shaaban ishirini na tisa, watu wanakusanyika ukingoni, pale nchi inapokatika na kushuka kuelekea bonde la Ruvuma, wananisubiri mimi. Redio itatangaza ya kwake, sawa. Mtaani kwetu swali la kwanza ni kama mimi nimeuona. Hicho ndicho cheo changu, na sijawahi kutaka kingine.

Simu yake inamwambia kila kitu. "Bibi, leo saa moja na robo. Itatokea juu ya paa la jirani, itaelekea chooni." Na kweli inapita. Setilaiti haimetimeti kama nyota, wala haina taa za kuwaka na kuzima kama ndege. Inateleza tu, kama tone la mafuta juu ya maji. Kubwa kuliko zote ni ile nyumba ya angani yenye watu ndani.

"Wanaoga vipi huko?" nilimuuliza.

"Hawaogi, Bibi. Wanajifuta na kitambaa chenye maji. Hata mkojo wanausafisha wanaunywa tena."

"Basi ni wenzetu. Kisima kikikauka mwezi wa kumi mimi pia najifuta. Ila hiyo ya mkojo bado hatujafika."

Alicheka mpaka khanga ikaanguka.

Sasa niseme nililokuwa nimelificha. Ile kubwa nilikuwa naiona kama taa iliyo nyuma ya chandarua. Ndogo nilikuwa sizioni kabisa. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ndiyo iliyonisitiri. Msimu wa kupuliza mikorosho tunaamka alfajiri, kabla upepo haujaanza, umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Mashine inanguruma mgongoni kwa mpulizaji, na ule unga wa njano unaingia mpaka masikioni. Miezi hiyo kila mtu ana macho mekundu. Mtu akiniuliza mbona nakodoa, najibu salfa. Nilijibu hivyo mpaka nikaamini mwenyewe. Wala sikutaka kukumbuka kwamba ukungu wa macho ulianza wakati wa mvua, ambapo hakuna anayepuliza chochote.

Na wakati huohuo wa mvua ilipita Ramadhani. Pale ukingoni nilisema nimeuona mwezi, na nilichokiona ni wekundu wa jua lililozama. Vijana wawili wakauona kweli muda mfupi baada yangu. Mungu alinisitiri, nami nikatembea kifua mbele kama vile hakuna kilichositiriwa.

Basi jioni moja ile nyumba ikawa inapita. Nikanyoosha kidole, maana mwendo wake nilikuwa nimeukariri. Nikaifuata kutoka paa la jirani, nikaipitisha utosini, nikaishusha polepole mpaka chooni, kama mtu anayepaka chokaa ukutani.

"Bibi, unaonyesha nini?"

"Si hiyo inashuka."

"Imezimika, Bibi. Ilipofika hapa juu imeingia kwenye kivuli cha dunia. Leo haikufika chooni."

Sikujua kama huwa zinazimika njiani. Nilidhani kitu kikishaianza safari ya namna ile kinaimaliza.

"Salfa," nikasema.

"Leo Ijumaa. Tumepuliza Jumatatu."

Hakucheka. Angecheka ningemtukana, yakaishia hapo, mtu na mjukuu wake wana ruhusa hiyo. Aliushika uso wangu, akawasha tochi ya simu, akalitazama jicho la kulia muda mrefu.

"Kuna weupe katikati, kama tui. Na mwezi wa Ramadhani, Bibi, uliuona?"

Nikamwambia vyombo vinamsubiri.

Hakumwambia mtu, hata mama yake. Kila alipotaja hospitali nilimtafutia kazi. Kisu sikukiogopa. Niliogopa benchi. Pale hospitali nusu ya mtaa imekaa, na benchi la macho lina kibao chake, huwezi kusema umekuja kwa ajili ya mguu.

Mvua zikarudi, ikafika tena Shaaban ishirini na tisa. Mawingu yalikuwa yamefunga tangu mchana, jioni yakaacha ufa mwembamba upande wa magharibi. Watu walijaa ukingoni. Nilikaza macho mpaka kichwa kikauma, nikaona weupe mtupu kama maziwa.

"Bi mkubwa, leo umekawia," alisema mzee anayetuongozea sala. "Tuseme nini?"

Mjukuu wangu alikuwa ubavuni pangu. Nikasikia vidole vyake vinanishika mkono, vinausogeza kulia kidogo, vinauinua. Alikuwa ameshauona. Alikuwa ananipa mimi. Nilichotakiwa ni kunyoosha tu kidole na kusema, na hakuna ambaye angejua, milele.

Mtoto yule hasemi uongo. Mimi ndiye niliyekuwa namfundisha, hapohapo, mbele ya watu wanaotaka kufunga kwa neno langu.

Nikautoa mkono wangu.

"Siuoni," nikasema. "Macho yangu yana ukungu. Na mwaka jana sikuuona, nilisema tu. Muulizeni huyu."

Jirani yangu, yule mwenye paa, ndiye aliyetangulia kusema. "Kumbe macho nayo yanastaafu?"

"Yanastaafu, na kiinua mgongo hawatoi."

Watu wakacheka, na mzee akamgeukia mjukuu wangu. "Umeuona kwa macho yako?"

"Nimeuona. Chini ya lile wingu jeusi, pembe zimetazama juu."

Wote wakatazama alipoonyesha, wakaanza kuuona mmoja mmoja. Nilisimama katikati yao nikiusikia tu, na sitasema kwamba haikuniuma.

Asubuhi, daku ikiwa bado nzito tumboni, nilikwenda hospitali kabla sijabadili mawazo. Nilijifunika khanga mpaka kwenye paji la uso. Benchi la macho lilikuwa na mtu mmoja tu, naye amejifunika vilevile. Nikakaa. Akageuka. Alikuwa jirani yangu mwenye paa.

Tulitazamana, kwa kadiri tulivyoweza.

"Wewe umefuata nini huku?" nikamuuliza.

Akavuta khanga yake vizuri, mvua ikipiga bati juu yetu.

"Salfa," akasema.