Mchimba Visima Aliyebana Pumzi

Nakumbuka, mwanangu, nilivyokuwa nikijigamba kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Na sikuwa nadanganya sana. Shule niliacha darasa la tano, nikashika sururu. Nimechimba visima kwa mikono yangu kuanzia Machakos mpaka Kangemi, na leo nina lori na mashine zangu. Muulize yeyote.

Basi siku moja nilikuwa narekebisha pampu kwenye klabu moja kule Karen, Nairobi, nikaona watu wameketi chini kabisa ya bwawa la kuogelea. Wanapumua! Wana mitungi ya hewa mgongoni, wametulia kama wako sebuleni. Moyo wangu ulidunda, mimi mtu wa miaka hamsini na mbili. Nikajiandikisha palepale kujifunza kuzamia.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Mutua, ardhi umeimaliza, sasa ni zamu ya maji?"

Mwalimu alikuwa binti mdogo, Mueni, rika la kitinda mimba wangu. Alifundisha kwa Kiingereza, haraka haraka. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Alipouliza nani hajaelewa, nikatazama dari. Ningeanzaje, mbele ya vijana wale niliokuwa nasoma nao?

Tukavaa mitungi, tukashuka mita nne. Maji yakaniingia puani. Sasa, mwanangu, mchimba kisima akihisi hewa mbaya hubana pumzi, akatikisa kamba, akavutwa juu upesi. Hilo limeniokoa mara mbili. Nikabana pumzi, nikapiga teke kupanda. Mueni akanidaka mguu, akanigonga tumbo kwa ngumi mpaka mapovu yakanitoka kinywani.

Tulipofika juu macho yake yalikuwa mekundu. "Mzee, nilisema nini darasani?"

"Ulisema kwa Kiingereza."

"Na ulikuwa unaitikia nini?"

Nikajipangusa maji usoni. Akanieleza kwa Kiswahili, polepole: hewa unayovuta kule chini hupanuka unapopanda, na ukiibana inaweza kukupasua mapafu. Usiache kupumua kamwe. Kumbe kilichoniokoa kisimani ndicho kingeniua bwawani! Mzoea punda hapandi farasi.

Kifua kilikuwa kinachoma. Akanipeleka hospitali Upper Hill mwenyewe. Nikapigwa picha ya kifua, nikakaa kwenye benchi nikiwaza nani ataambiwa kwanza, mke wangu au Mutua. Daktari akatoka na picha mkononi. "Mapafu mazima, mzee. Umevutika misuli tu." Mwanangu, nilivuta pumzi moja ndefu, tamu kuliko chai ya maziwa. Mueni naye akaanza kulia, halafu akacheka.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Nikamwambia, "Mwalimu, nianzishe upya kama mtoto wa chekechea." Siku hiyo niliketi chini ya maji dakika ishirini, nasikia pumzi yangu tu. Maisha yangu yote nimeshuka chini kutafuta mkate. Sikujua mtu anaweza kushuka kwa raha. Tangu hapo sijakosa Jumamosi.

Kwa hiyo usiitikie usichokielewa, hata anayekufundisha akiwa mdogo kuliko viatu vyako. Ustadi wa jana usikuzibe masikio leo. Na ukitamani jambo ukubwani, liendee bila haya. Mungu akupe kifua kipana na ulimi mwepesi wa kuuliza. Swali lisingenigharimu hata senti. Kunyamaza kulinigharimu shilingi elfu nne, mia sita na hamsini za hospitali.