Kurasa Ishirini na Nne na Miwani ya Mtani

Wanaonifahamu wanajua mimi ni kama kabati: utanikuta palepale uliponiacha. Nashonea nyumbani, nakula nyumbani, na nikiumwa naugulia nyumbani. Shule niliishia kidato cha nne. Safari yangu kubwa ni kwenda sokoni hapa Songea kununua uzi na zipu, na hata huko natembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponitumia riwaya ya mapenzi kutoka Dar, jalada la waridi, kijana na binti wamepeana migongo huku wakichunguliana, nilijiambia nitasoma kidogo wakati pasi inapata moto. Pasi ilipata moto, ikapoa, ikapata tena. Binti wa kwenye kitabu anauza keki mtandaoni. Kila Ijumaa daktari wa mifugo anaagiza keki, na kila keki anataka iandikwe jina la mtu mwingine. Binti anadhani jamaa ana wanawake kumi na wawili. Kumbe ni majina ya paka na ndama aliowatibu. Upuuzi mtupu. Nilicheka mpaka wapangaji wenzangu wakauliza kama niko peke yangu mle ndani.

Jumamosi mchana nilikuwa nimebakiza kurasa ishirini na nne. Daktari amesimama mlangoni na boksi mkononi, binti hataki kulifungua. Hapo hapo maharage yakanuka kuungua. Nikaweka kitabu kwenye kiti, nikaenda kuongeza maji. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

"Babu, umeona kitabu changu?"

"Kipi? Kile cha watu wanaochunguliana? Kimetekwa."

Huyu babu ni jirani yangu wa chumba cha pili, mwalimu mstaafu, Mhehe wa Iringa. Mimi Mngoni. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Na sheria ya utani kila mtu uani kwetu anaijua: mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kununa. Unakikomboa kwa atakachotaka, au unalipiza kwa kuteka cha kwake.

Mimi nikanuna. Nikasema mbele ya watu wote, "Sitaki mchezo leo. Lete kitabu."

Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo alishika mdomo.

"Haya, Mngoni amekasirika!" babu akapiga makofi. "Ndiyo maana vitani mlikimbia."

"Mliokimbia ni ninyi, mkaenda kujificha kwenye pombe yenu ya ulanzi!"

"Umechelewa kutania, mjukuu. Kumkasirikia mtani ni kosa. Faini yako, kitabu utakisubiri wiki nzima."

Alasiri babu akasinzia kibarazani, miwani yake ikiwa juu ya dirisha. Nikapita kama naenda kumwaga maji, nikaichukua. Kisasi halali kabisa.

Kesho yake alfajiri nilimsikia upande wa pili wa ukuta akipekua makoti. Nikatulia chini ya blanketi, nikitabasamu kama mjinga. Nilikuwa mjinga kweli, maana kulipokucha niliambiwa babu amepanda basi kwenda Hanga kwa binti yake, na atakaa huko. Kitabu kimo kwenye begi lake. Miwani imo kwenye droo ya cherehani yangu. Yeye ana kurasa, mimi nina macho.

Jumatatu nilishona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nikafumua, nikakaa, nikasimama, nikaenda mlangoni kuangalia sijui nini. Nikijaribu kulala namwona daktari na lile boksi. Mkono lazima unamuuma. Jioni babu akapiga simu.

"Mjukuu, mbona sisikii salamu?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Basi binti ameolewa na dereva wa bodaboda."

"Umesomaje bila miwani?"

"Miwani unayo wewe?"

"Ipi? Ile iliyotekwa?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi tukae hivyohivyo."

Tukakaa hivyohivyo. Yaani yeye alikaa. Mimi nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jumanne nilifagia mara tatu. Nilijitungia mwisho wangu, nikaukataa. Nikatunga mwingine, daktari akafa, nikamfufua haraka. Mtu mzima na futi yangu shingoni, nanyimwa raha na keki ya watu wasiokuwepo!

Jumatano akapiga tena, sauti imejaa sukari. "Mjukuu wangu wa kidato cha pili anafunga shule Ijumaa. Ana macho kama mwewe. Atanisomea, halafu nitakupigia nikuhadithie mwisho wote."

"Nitakata simu."

"Nitatuma ujumbe wa sauti."

"Nitaufuta."

"Utaufuta wewe?" akauliza kwa upole.

Alinijua. Alhamisi asubuhi nilifunga mlango, nikarudi kuuangalia mara mbili, nikapanda basi la kuelekea Namtumbo na miwani ya watu nimeifunga kwenye leso. Nikashuka njia panda, nikachukua pikipiki. Dereva akaniuliza kama nakwenda kusali kwa watawa wa Hanga. Nikasema ndiyo, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Babu nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Aliponiona hakushangaa hata kidogo, na hilo liliniudhi kuliko vyote.

"Kabati limetembea," akasema.

"Shikamoo. Lete kitabu."

"Lete miwani kwanza."

"Kitabu kwanza."

Binti yake, aliyekuwa akikatakata kabichi, alichoka na sisi. Akavuta kigoda. "Wekeni vyote hapa kwa pamoja. Moja, mbili, tatu." Tukaweka. Babu akawahi vyote viwili, akavaa miwani, akakohoa na kuanza kusoma kwa sauti pale pale nilipoachia, kwa mwendo wa kuandikisha imla. Kila baada ya mistari miwili alisimama kumsema daktari.

"Mwanaume mzima umesimama na boksi saa nzima! Sema!"

"Babu, soma!"

Kabichi iliiva, tukala, sikuonja chochote. Zilipobaki kurasa mbili sauti yake ikakauka. Akanipa kitabu. "Malizia wewe. Mimi nasoma kama risala."

Nikasoma. Binti alifungua boksi. Ndani kulikuwa na keki aliyoioka daktari mwenyewe, imedidimia katikati kama godoro la gesti, na juu yake jina lake yeye binti. Wakacheka, wakakumbatiana, kitabu kikaisha. Nilijua hayo tangu ukurasa wa tatu. Kama ningekaa kwangu na kufikiri dakika mbili, ningeokoa nauli na shati la watu. Lakini moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni.

"Ndiyo hivyo tu?" babu akauliza.

"Ndiyo hivyo tu."

Barabarani pikipiki niliyokuwa nimeiagiza inifuate ilipiga honi. Babu akaondoa miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Rudia pale anapofungua boksi."

Honi ikalia mara ya pili. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja.