Radi na Karani

Fundi makochi hakuwa mbishi. Mteja akisema kitambaa kimekaa upande, alikibandua na kukivuta upya. Mkewe akisema mchuzi umekauka kwa sababu yeye kachelewa kurudi, aliukubali mchuzi na aliikubali lawama. Kutwa nzima kinywa chake kilikuwa kimebana misumari midogo, anaitoa mmoja mmoja na kuigonga kwenye mbao, na mtu mwenye misumari mdomoni hujifunza kunyamaza.

Ila kulikuwa na jambo moja, na mtu mmoja. Mtu huyo ni kaka yake, fundi magari mstaafu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Na jambo lenyewe ni hili: katika kriketi ya siku moja, nani alikuwa mrushaji wa mipira ya kasi bora kuliko wote?

Msicheke. Baba yao alikuwa mtunza uwanja, na wao wamekulia pembeni ya nyasi zile. Waliwaona kwa macho yao warushaji wawili wa timu moja, mmoja akirusha kutoka upande huu, mwenzake upande ule. Mkubwa alimpenda yule aliyekuja mbio kutoka mbali, akaangusha vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji na kumtoa mchezoni, au akakosa kabisa mpira ukapotelea ukingoni mwa uwanja. Wakamwita Radi. Mdogo alimpenda yule mwingine, mkimya, aliyetua kila mpira palepale kwenye vidole vya miguu ya mpigaji, kana kwamba anagonga mihuri ofisini. Huyo wakamwita Karani. Warushaji wenyewe walishastaafu zamani na pengine wamelala usingizi mzuri. Hawa wawili hawakuwaacha wapumzike.

Kila Jumamosi kaka mtu alifika karakana, akajitupa juu ya kochi lisilo na kitambaa, springi zikalia.

"Mchezo wa siku moja una mipira ya kuhesabu," fundi alianza, akitema misumari kiganjani. "Kila mrushaji ana ova zake kumi za mipira sita sita, basi. Radi wako alikuwa anawagawia wapinzani mikimbio ya pointi kama peremende."

"Na mpigaji akishang'olewa, hiyo mikimbio atakimbia nani? Mama yake?"

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni, kaka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Karani alikuwa anawachosha watu. Radi alikuwa anawarudisha kwao."

Wateja walizoea kusubiri. Hakuna aliyewahi kushindwa, na sidhani kama kuna aliyetaka kushinda.

Kisha moyo wa kaka ukaanza kuleta matata. Alilazwa akiwa amevimba miguu na kukonda kwingine kote. Daktari aliwaita ukumbini fundi na shemeji yake, yaani mke wa mgonjwa, akawaambia bila kuzunguka: upasuaji unahitajika, na kupona ni nusu kwa nusu. Lakini kwanza mgonjwa ale apate nguvu, maana kwa udhaifu ule hawezi kuguswa na kisu.

Fundi akaingia wodini. Akaona saa ya kaka yake imepanda mpaka karibu na kiwiko, mkono hauna nyama ya kuizuia. Huruma ikamzidi. Akatafuta zawadi ya kumpa, na mfukoni hakuwa na zawadi kubwa kuliko ule ubishi wao.

"Kaka, nimefikiri. Umeshinda. Radi ndiye bora."

Alitegemea kicheko. Kaka alimtazama bila kupepesa.

"Daktari kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Baba alikuchapa ukubali, ukakataa. Leo unakubali." Akageukia ukutani. "Asante, mdogo wangu. Nimeelewa."

Tangu siku hiyo hakula. Kijiko kikija, alifunga mdomo. Alimwagiza mkewe aangalie nani atachukua spana zake. Mke alivumilia, kisha akaenda moja kwa moja karakana, akasimama mbele ya fundi na kanga yake imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kwa ugomvi.

"Shemeji, ulimwambia nini mume wangu?"

Fundi akaeleza, kichwa chini. Mwanamke yule alikuwa ameichukia kriketi maisha yake yote ya ndoa.

"Wewe umemwandalia maziko, shemeji. Sasa nenda kakitoe ulichokitia."

"Nikimbishia atajua naigiza."

"Kwani wewe mwenyewe unaamini nini?"

"Karani."

"Sasa uigize nini?"

Akaenda. Alipofungua mdomo tu, kaka akamkata kalima, bado kaelekea ukutani. "Acha maigizo. Nakujua tangu unanyonya." Akavuta shuka begani. "Na kusema kweli, ulichelewa tu kukubali. Karani alikuwa mwoga. Alirusha miguuni kwa kuogopa mpira wake kupigwa mbali."

Fundi akahisi masikio yanawaka. Akasahau ugonjwa, akasahau wodi.

"Mwoga nani? Siku ya fainali, ova ya mwisho, nahodha alimwita nani? Alimwita Radi! Radi akasema bega linamuuma! Aliyeuchukua mpira ni nani?"

Kaka akageuka mwili mzima. "Bega lilikuwa linamuuma kweli!"

"Lilianza kuuma baada ya mipira yake kupigwa mpaka nje ya uwanja mara tatu!"

"Muongo mkubwa wewe!"

Muuguzi alikuja mbio, akaamuru kimya, akamshika fundi mkono amtoe. Mgonjwa alikuwa ameketi, anahema, macho yamechangamka. "Mwache," alisema. "Na ile supu iko wapi? Siwezi kubishana na mjinga nikiwa na tumbo tupu."

Alikula. Alikula siku ile na zilizofuata, huku wakigombana kwa sauti ya chini kwa heshima ya wagonjwa wengine, mpaka daktari akaridhika.

Asubuhi ya upasuaji walimsukuma juu ya kitanda cha magurudumu kwenye ukumbi mrefu, fundi akitembea ubavuni. Mbele ya milango ya chumba cha upasuaji kaka akamshika shati.

"Mdogo wangu. Huenda hatutaonana tena, tusidanganyane. Radi au Karani?"

Fundi angempa karakana. Angempa moyo wake mwenyewe, kama moyo ungeshonwa kwa sindano zake. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Karani, kaka."

Vidole vikaliachia shati. Uso wa mgonjwa ukalegea, akafumba macho akitabasamu.

"Mjinga wewe," alisema wakimwingiza. "Ningoje hapohapo."